Chuma kimoja, moto mbalimbali

Assalaam alaykum jamani, ahsanteni kwa kuja na jua lote hili la Chake, vijana nawaona, mafundi wa bodi nawaona, na wazee mlioshika tezo tangu sie hatujazaliwa, shikamooni.

Kabla sijasema kitu tazameni sindano hii, ya kushonea kofia, nimeomba kwa mama asubuhi. Naikunja... tak, imeshakatika. Hii ya pili ni ya pakti ile ile, ila jana niliiweka kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikaiacha ipoe humo humo kwenye majivu usiku kucha. Haya naikunja. Mnaona? Kama waya. Hakikuongezwa kitu wala kupunguzwa, ni moto tu na namna ya kupoa.

Babu yangu alikuwa mhunzi, akifua tezo kwa springi za gari na mie ndo mvuta mivukuto. Siku moja kaenda kusali, nikaona nimsaidie, nikaitoa tezo nyekundu nikaizamisha majini nikaiacha hivyo hivyo. Ilikuwa ngumu hiyo, tupa inateleza tu! Fundi wa jahazi kuipiga kwenye mti mara moja, ncha ikaruka kama kigae. Babu akanambia neno moja tu, hukuirudisha motoni. Mpaka leo nikiwa maabara neno hilo liko na mie.

Sasa chuma nilichokuja nacho leo ni cha manganizi ya kati, yaani kimechanganywa na manganizi, metali nyengine, kama asilimia 3 mpaka 12, na kaboni kidogo. Manganizi si mgeni, Robert Hadfield wa Sheffield kule Uingereza alitia karibu asilimia 12 na kaboni nyingi tangu 1882, chuma chake mpaka leo kiko kwenye makutano ya reli na mashine za kuponda mawe. Hii ya kati ilianza kuonekana 1972, R. L. Miller alipochukua chuma cha karibu asilimia 6 akakipika kwa moto wa katikati, chembe zake zikatoka ndogo mno, hata maikromita moja, sehemu ya elfu ya milimita, hazifiki.

Huo moto wa katikati ndo mambo yote. Chuma hiki ukikipasha mpaka kikawa chote ostenaiti, yaani mpangilio wa ndani wa chuma kikiwa na moto mkali, kisha ukakipoza, kinageuka mpangilio mwengine, matensaiti, hata kikipoa kwa upepo tu, na matensaiti ndo ile tezo yangu, ngumu lakini haivutiki. Basi unakirudisha motoni, mara nyingi kati ya nyuzi za Selsiasi 600 na 700, si kukiyeyusha wala kukigeuza chote, sehemu inakuwa feraiti laini na sehemu inarudi ostenaiti, na humo ndani manganizi na kaboni zinahama taratibu zinakimbilia kwenye ostenaiti. Kaboni ina mbio, manganizi mzito wa kutembea, ndo maana muda nao unahesabika, wengine wanakiacha tanuruni masaa. Ostenaiti ikishashiba manganizi haigeuki tena ikipoa, inabaki vile vile mpaka baridi.

Na hapa ndo panaponifurahisha mie, wallahi. Ukikivuta chuma hicho, pale panapotaka kuwa pembamba ostenaiti inageuka matensaiti hapo hapo, panakuwa pagumu, mvuto unahamia pengine, kinaendelea kurefuka bila kukatika. Unapata nguvu ya megapaskali (kipimo cha nguvu ya kuvuta) 1000 hivi na bado kinarefuka asilimia 30, wakati chuma laini cha kawaida kiko kama 400.

Moto ukiwa mdogo ostenaiti inakuwa chache tena imeshiba kupita kiasi, ukivuta haigeuki, haikusaidii. Ukizidisha inakuwa nyingi lakini manganizi imetawanyika, kila chembe ina njaa, nyingine zinageuka matensaiti zikipoa tu, nguvu inapanda na kuvutika kunakufa. Nafasi iliyo sawa ni nyembamba, nyuzi 20 au 30 tu zinaweza kukiharibu chuma kizima. Na msikiache kwenye nyuzi 450 hivi, manganizi inajikusanya mipakani mwa chembe na chuma kinapasuka kwa kugongwa tu.

Fundi mmoja kaniuliza pale mlangoni, nguzo ya mlango wa gari imepinda, apige gesi? Hapana kaka. Chuma cha manganizi ya kati bado si kingi kwenye magari, lakini nguzo za haya magari ya Japani yanayoshuka bandarini nyingi ni za vyuma vingine vikali vilivyopata nguvu yao kwa moto vile vile, ukipiga gesi unafanya nilichofanya kwenye ile sindano ya pili. Rangi itapendeza, gari itapinduka siku moja na nguzo itakunjika juu ya kichwa cha mtu. Itoe yote weka nyengine, mwambie mwenye gari kwa nini, na kama anaona ghali, basi mwoneshe sindano.