Kuisikia Hapana Isiyotamkwa: Mazungumzo na Mafundi na Wafanyabiashara wa Lamu

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zetu, ndugu zangu mafundi na manahodha, nanyi vijana mnaotembeza wageni, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja hapa ngomeni jioni hii. Nimeombwa nizungumze juu ya adabu za biashara kwa watu wa mataifa mbalimbali. Bahari hiyo ni pana. Tukianza nani huinama mbele ya nani, na nani hula kwa vijiti, tutakesha. Nimechagua neno moja tu, kwa sababu ndilo lililonigharimu kuliko yote: hapana.

Nilikuwa kijana, karakana ingali ya ami yangu, nami ndiye niliyezungumza na wateja kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza kidogo. Akaja Mjerumani mmoja, mtu mpole, akaagiza mlango wa nakshi, ule wa kufunguka pande mbili wenye mfaa, ule mti wa kusimama, katikati. Akalipa nusu. Kontena lake la samani lilikuwa linaondoka Mombasa, kwa hiyo alitaka mlango uwe tayari tarehe 15. Akaniuliza huku akinitazama usoni: "Utakuwa tayari?" Nami nilijua gogo la mbambakofi halijavuka kutoka bara. Nilijua kabisa. Nikamjibu: "Inshallah, usijali." Akatoa kijidaftari mfukoni, akaandika.

Tarehe 15 asubuhi alifika na mashua ya kukodi na wachukuzi wanne. Alichokikuta ni mfaa uliokwisha kuchongwa, kizingiti chenye nakshi nusu, na mbao mbili tupu zimeegemezwa ukutani, hata randa hazijapitiwa. Hakupiga kelele. Alifungua kijidaftari akanionyesha ukurasa: tarehe, neno mlango, na mbele yake neno moja la Kijerumani, ja. Ndiyo. Akaniambia: "Ungesema hapana, ningebadilisha meli." Fedha zake zilikuwa zimekwishaingia kwenye mbao, na ilituchukua miezi kumrudishia.

Kwa muda mrefu nilijitetea moyoni. Mimi sikusema ndiyo, nilisema inshallah! Na kweli, lau mama yangu angekuwapo siku ile, angeisikia ile inshallah iliyovutwa, angeniona nikitazama chini kwenye patasi, akajua papo hapo kwamba hakuna mlango. Lakini Mjerumani yule hakuzaliwa na mama yangu. Kwake yeye neno ni neno. Kwao, mtu akikwambia hapana mbele ya macho yako amekuheshimu, amekupa nafasi ya kupanga mambo yako. Mimi niliyedhani namsitiri ndiye niliyemvunjia heshima.

Sisi tumeipata wapi adabu hii ya kuifunika hapana? Mimi naamini imeletwa na pepo za bahari. Mfanyabiashara wa Arabuni au wa Gujarati alikuja na kaskazi, akauza tende, mazulia, vitambaa, akanunua boriti na pembe. Alipomaliza hakuweza kuondoka. Ilimbidi angoje kusi. Miezi hiyo yote unakutana naye msikitini, unapita mbele yake amekaa kwenye daka la mwenyeji wake, mnakunywa kahawa ya mtungi mmoja. Na mwaka ujao anarudi. Hapana kali ungeitamka asubuhi na kuishi nayo mpaka upepo ugeuke. Kwa hiyo wazee wetu walijifunza kukataa bila kumchoma mtu: "tutaangalia", "Mungu akijaalia", "ngoja nizungumze na ndugu zangu". Na mwenzao alielewa, maana naye kwao walisema vivyo hivyo. Mambo yaliharibika pale alipoanza kuja mtu wa siku tatu, mwenye tiketi ya ndege kutoka Manda.

Yuko mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward T. Hall, ambaye mwaka 1976 aliieleza tofauti hii. Alisema ziko jamii ambazo maana imo ndani ya maneno yenyewe, kama Ujerumani, na jamii ambazo sehemu kubwa ya maana imo nje ya maneno: katika nani anasema, wapi, kwa sauti gani, na kipi kimenyamaziwa. Japani na Waarabu aliwaweka huku kwa pili. Mtu wa Lamu, kwa ninavyotujua, hana haja ya kuuliza yuko upande gani.

Basi mngedhani sisi na Mjapani tutaelewana bila taabu. Hapana, ndugu zangu. Kila jamii inayoficha ina mahali pake pa kufichia. Mjapani akisema "hai" unapomweleza bei, anakwambia nakusikia, endelea. Hajakubali kitu. Akivuta pumzi kwa meno yaliyobanwa, kisha akasema "chotto muzukashii", yaani ni vigumu kidogo, biashara imekwisha. Kidogo hicho ni kikubwa. Mimi nilikuwa na mteja wa namna hiyo aliyetaka viti, nikamwandikia barua pepe tano nikimpunguzia bei kila mara, nikidhani ugumu ni bei. Alikuwa amekwisha kunikatalia siku ya kwanza, kwa upole, nami nikawa namlazimisha anikatalie upya mara tano.

Hata wakubwa wa dunia limewafika. Novemba 1969 waziri mkuu wa Japani, Eisaku Sato, alikwenda Washington kuonana na Rais Richard Nixon. Marekani ilitaka Japani ipunguze vitambaa na nguo inazoiuzia. Wafasiri husimulia mpaka leo kwamba Sato alijibu "zensho shimasu", yaani nitalishughulikia vizuri. Kwa Kijapani cha serikali, jibu hilo ni karibu na kusema usitegemee sana. Nixon alisikia ahadi. Nguo zikaendelea kuja, naye akaona amesalitiwa. Fikirini: marais, wafasiri wa kusomea, na bado neno limeanguka katikati ya meza.

Mwili nao una hapana zake. Mturuki hunyanyua nyusi, hurudisha kichwa nyuma na kutoa mlio mdogo wa ulimi, "ts". Watu wa Lebanoni na Syria hali kadhalika. Ni hapana ya kawaida tu, haina ubaya. Lakini sisi hapa huo ni msonyo, na mtu akikusonya mbele ya wateja wako damu inachemka. Kijana, kabla hujachemka, muulize mgeni wako ametoka wapi. Mbulgaria hutikisa kichwa akikubali na kukiinamisha akikataa. Na ile pumzi ya kuvutwa ndani, ambayo kwa Mjapani ni dalili mbaya, kwa watu wa kaskazini mwa Uswidi na kwa Wahabeshi ni ndiyo.

Wako pia wanaosema hapana wakitaka ndiyo. Muajemi mwenye duka, ukimuuliza bei, aweza kukwambia kitu hiki hakina thamani mbele yako, chukua tu. Wenyewe wanaiita taarof. Ukichukua ukaondoka umefanya aibu kubwa. Inakupasa ushikilie kulipa, akatae, ushikilie tena, ndipo ataje bei. Wale wanaojivunia Ushirazi wao, yaani asili ya Uajemi, wataitambua hali hii. Nasi tukimkaribisha mpita njia chakula, hatutarajii akae kwa mwito wa kwanza.

Na Mabedui wana jambo zuri sana. Mgeni mwenye haja nzito akipewa finjani ya kahawa huiweka chini bila kuionja. Mwenyeji anajua: kuna ombi. Atamwambia "kunywa kahawa yako", na hapo ameahidi kulitimiza kwa kadiri ya uwezo wake. Siku za kawaida, ukitosheka unaitikisa finjani kidogo kwa mkono wa kulia, hujaziwi tena. Nalipenda hili kwa sababu kila mtu mle barazani anaijua alama. Hakuna anayebahatisha.

Sasa nataka niseme jambo linaloniuma, mnisamehe wazee. Inshallah si neno letu la kuchezea. Katika Suratul Kahf tumeambiwa tusiseme kabisa kwamba jambo fulani nitalifanya kesho, ila tuseme Mwenyezi Mungu akipenda. Yaani ni neno la mtu aliyekwisha kuazimia, amekaza nia, kisha anamwachia Mola lililo nje ya uwezo wake. Sisi tumeligeuza pazia la kuficha kwamba hatuna nia. Nimewasikia wageni hapa Lamu wakiambiana, inshallah maana yake haitakuwa. Wamelijifunza kwetu. Wamelijifunza kwangu mimi, kwenye karakana ile, tarehe 15.

Tufanyeje, basi? Mimi nimeacha kabisa kuuliza swali la ndiyo au hapana, na nikiulizwa silijibu kwa neno moja. Mteja akiniuliza "utakuwa tayari?" namjibu kwa kumpeleka nyuma nikamwonyesha mbao: hizi hapa zimekauka, hizi bado, fundi wa nakshi ana kazi mbili mbele yake. Kisha nataja tarehe ninayoiweza, na hapo ndipo ninaposema inshallah, kwa moyo mweupe. Nami nikinunua kwa Mchina simwulizi kama mzigo utafika, maana akiogopa kuniangusha atasema utafika, au atasema watalichunguza jambo hilo, na kuchunguza huko mara nyingi ni kukataa. Namuuliza: ni kitu gani kinaweza kutuchelewesha? Hilo mtu hujibu kwa raha, kwa sababu halimvui nguo. Kwa Mjerumani wala usizunguke. Mwambie hapana, halafu mwambie lini.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kiitaliano mwenye nyumba Malindi alikuja kutaka kasha la nakshi katika wiki tatu. Ameshika fedha mkononi, taslimu. Nikamwonyesha mbao, nikamwambia wiki tatu haiwezekani, wiki nane naweza. Akasikitika, akanishukuru, akaenda kununua kwingine. Mpwa wangu alininunia kutwa nzima; fedha zile zingelipa mishahara. Jioni nikaenda kuegemea ukuta wa forodhani nikitazama mashua zikirudi kutoka Shela, nikajikuta nakumbuka kile kijidaftari.

Haya, nimesema mengi. Namwona mama yangu pale nyuma amenyanyua mkono tangu nilipomtaja Muajemi. Tuanze na yeye.