Sandeep Patil: Mpigaji Asiyejua Kungoja

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, hasa ninyi ambao kriketi mnaijua kwa kusikia tu.

Mliposikia kwamba leo tunamzungumzia mchezaji wa kriketi wa India, bila shaka wengi mlimtarajia Sachin Tendulkar, au Kapil Dev, au Virat Kohli. Mimi nimekuja na Sandeep Patil. Mkitazama takwimu zake mtashangaa kwa nini. Alicheza mechi 29 za Testi, zile za siku tano, akapata mikimbio, yaani alama za mpigaji, 1,588. Sunil Gavaskar, aliyecheza naye Bombay na katika timu ya taifa, alimaliza na 10,122. Lakini takwimu hazisemi mtu alipiga namna gani, na Patil alipiga kama mtu anayeogopa kuachwa na basi.

Alizaliwa Bombay mwezi Agosti 1956, akatokea Shivaji Park, mtaa ambao uwanja wake umelea wachezaji wa taifa kizazi baada ya kizazi. Baba yake, Madhu Patil, naye alikuwa mchezaji wa kriketi. Hayo yatosha kuhusu utoto wake, twendeni Australia.

Januari 1981, Sydney. Patil anapiga bila helmeti. Kwanza mrushaji wa Australia, Rodney Hogg, anampiga kooni kwa mpira. Anavumilia, anaendelea. Akiwa na mikimbio 65, mpira wa mrushaji mwenzake, Len Pascoe, unadunda mbali naye, unaruka na kumpata kichwani, karibu na sikio. Anaanguka. Kwa wale ambao hamjaushika mpira wa kriketi: una uzito wa gramu 160 hivi, ngozi yake ni ngumu, na mrushaji wa kasi huutuma kwa zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Patil alitolewa uwanjani akiwa hoi.

Mchezaji aliyepigwa hivyo, mara nyingi huwa na mguu unaorudi nyuma wenyewe kila mpira unapokuja. Hakuna wa kumlaumu, mwili una kumbukumbu yake. Lakini kabla mwezi huo haujaisha, katika Testi ya pili mjini Adelaide, Patil aliingia tena uwanjani, safari hii akiwa amevaa helmeti, akapata mikimbio 174 dhidi ya Waaustralia hao hao, huku mrushaji wao maarufu wa kasi, Dennis Lillee, akiwa miongoni mwa waliomrushia. Kwa maoni yangu, kama angestaafu jioni ile bado tungekuwa na sababu ya kumzungumzia.

Mwaka uliofuata, Old Trafford, Uingereza, nahodha Bob Willis alimrushia ova moja, akapigwa mipira sita hadi nje ya mpaka. Ova ina mipira sita. Hii ilikuwa na saba kwa sababu mmoja ulikuwa haramu, na huo nao ulikwenda mpakani. Kila mpira uliokwenda mpakani ulimpa mikimbio minne, jumla mikimbio 24. Patil alimaliza na 129 bila kutolewa, yaani warushaji hawakuweza kuimaliza zamu yake. Mwaka 1983, kwenye uwanja huo huo wa Old Trafford, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, alipata 51 bila kutolewa, India ikaitoa Uingereza. Siku tatu baadaye India ikaifunga West Indies kule Lord's, uwanja wa London, na kulibeba kombe, jambo ambalo wachache mno walilitarajia.

Sasa tufike Delhi, Desemba 1984. Testi dhidi ya Uingereza, siku ya mwisho. India ilihitaji kitu kimoja tu: kukaa uwanjani hadi jua lizame, ili mechi iishe sare. Patil, akiwa na 41, akaupiga mpira kwa nguvu uende mbali, ukadakwa, naye akawa ametolewa. Kapil Dev naye akafanya vivyo hivyo. India ikashindwa kwa wiketi nane, maana yake Uingereza ilifikia alama ilizohitaji ikiwa imepoteza wapigaji wawili tu, na wateuzi wa timu ya taifa wakawaacha wote wawili katika mechi iliyofuata. Kapil alirudi. Patil hakucheza Testi tena. Katika mechi hiyo iliyofuata, mjini Calcutta, nafasi alipewa kijana kutoka Hyderabad, Mohammad Azharuddin, naye akapata mikimbio zaidi ya 100 katika kila moja ya Testi zake tatu za kwanza. Ukishaachwa, halafu mrithi wako akaanza namna hiyo, mlango umefungwa na ufunguo umetupwa. Mwaka 1985 Patil alionekana kwenye filamu. Mimi nasema angebaki na gongo lake la kriketi.

Mwaka 1996 alirudi kwenye timu ya taifa, sasa kama kocha, katika ziara ya Uingereza. Nahodha wake alikuwa nani? Azharuddin. Na katika ziara hiyo Sourav Ganguly alianza Testi kwa mikimbio 131 pale Lord's. Likumbukeni jina hilo.

Kutoka hapo ndipo tunapofika kwetu, maana Patil ndiye aliyekuwa kocha wa Kenya katika Kombe la Dunia la 2003. Kuna watu mpaka leo husema Kenya ilibebwa na bahati. Ni kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama, baada ya shambulio la kigaidi la Kikambala, karibu na Mombasa, la Novemba 2002, na Kenya ikapewa pointi. Lakini Sri Lanka walikuja. Tarehe 24 Februari, pale Nairobi Gymkhana, Kenya ilipata 210, kisha kijana Collins Obuya akachukua wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano, huku akiruhusu mikimbio 24 tu, Sri Lanka wakaishia 157. Bangladesh ikafungwa. Zimbabwe ikafungwa. Aasif Karim, aliyekuwa amekwisha kustaafu, aliitwa arudi, na dhidi ya Australia akachukua wiketi tatu kwa mikimbio saba tu. Mikimbio saba, kwa Australia ile!

Tarehe 20 Machi, Durban, nusu fainali, Kenya na India. Patil akawa upande wetu, akiitazama nchi yake. Tendulkar akapata 83, Ganguly 111 bila kutolewa. Nahodha wetu Steve Tikolo akapambana hadi 56, lakini tulishindwa kwa mikimbio 91. Kenya haijafika tena hapo, na swali la nani aliacha mti ule wa kriketi yetu ukauke halimhusu Patil.

Mwaka 2012 India ilimfanya mwenyekiti wa wateuzi. Yaani mtu aliyeachwa kwa sababu ya mpira mmoja uliodakwa, sasa yeye ndiye wa kuacha wengine. Desemba mwaka huo Tendulkar alistaafu mechi za siku moja, na watu wakaamini ameamua mwenyewe. Patil alinyamaza hadi alipoondoka kwenye kiti hicho mwaka 2016. Hapo akasema hadharani kwamba wateuzi walikuwa wamekwisha kukutana na Tendulkar kumuuliza mipango yake, na kwamba asingetangaza kustaafu, wangemwacha. Wapo waliokasirika, wakisema siri za kamati hazitolewi nje. Mimi simtetei sana. Mteuzi anatakiwa kuwa na kifua. Ila Patil mwenyewe alipoachwa mwaka 1984, nchi nzima ilijua sababu siku ile ile.

Asanteni. Sasa tupokee maswali.