Dar mpaka Dubai: kilomita ngapi, masaa mangapi, na saa ya kwenye tiketi inavyosomwa

Habari zenu wapendwa, leo wale mnaoniuliza "dada, Dar mpaka Dubai ni masaa mangapi angani" nawaonyesha mpime wenyewe kwenye simu, maana mi nawakatia tiketi wafanyabiashara wa Kariakoo na swali hili naulizwa kila siku.

Fungua Google Maps, hiyo mnaijua. Tafuta uwanja wa Julius Nyerere, shikilia kidole mpaka itokee pini nyekundu, shuka chini gusa pa kupima umbali. Sasa sogeza ramani, taratibu... ngoja, imeruka imenipeleka Muscat, na jua linapiga kwenye kioo, nisogee kivulini. Haya, Dubai hii hapa. Mnaona? Kama kilomita 3,970. Na huu mstari ulivyopita mi naupenda sana, umegusa pwani ya Kismayo, ukakatiza Somalia, Ghuba ya Aden, Yemen, halafu jangwa tupu. Ndege yenyewe haifuati hapo hapo, kuna anga inazikwepa, kwa hiyo inatembea zaidi kidogo.

Muda sasa. Jeti inakwenda kama kilomita 850 kwa saa, gawanya, unapata masaa manne na dakika arobaini, ongeza kupaa na kushuka na kule kuzunguka chini uwanjani, weka matano na nusu. Ni ya moja kwa moja hiyo, ukipitia Addis Ababa au Doha jumlisha na masaa ya kusubiri.

Hapa tulieni jamani. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji ule ilipo ndege, na Dubai wametutangulia saa moja. Tufanye imeandikwa unatoka Dar 17:00 unafika 23:30, ukitoa harakaharaka utasema masaa sita na nusu, hapana, toa moja, ni matano na nusu. Kurudi unatoka 10:00 unatua Dar 14:30, inaonekana manne na nusu, hapo unaongeza moja. Kwenda toa, kurudi ongeza.

Na hili nalirudia kila video. Tiketi imeandikwa tarehe 14, saa 03:45. Hiyo SIO saa tatu yetu, ni saa kumi kasorobo usiku, na usiku wenyewe ni ule wa kuamkia tarehe 14! Niliwahi kumkatia dada mmoja tiketi kama hii nikamwambia tu "safari tarehe 14 usiku". Akaja uwanjani tarehe 14 saa mbili usiku, mabegi mawili kayafunga kamba za bluu, kaunta haina mtu, ndege ishaondoka alfajiri ya siku hiyo. Alikaa juu ya begi akaanza kuhesabu hela za nauli nyingine, na kosa lilikuwa langu, mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo tarehe 13 saa nne usiku unatoka nyumbani. Tarehe 13! Siku hizi kila tiketi naiprinti, nachukua peni nyekundu, sogeza kamera uone, naandika hapa juu kabisa: "Toka nyumbani Jumatatu tarehe 13, saa nne usiku." Ndo nampa mtu.