Zuhura Alala Nyumba ya Mitiki Bangkok

BAKARI: Assalaam alaikum wasikilizaji wetu, na wale wa "habari zenu", habari zenu. Dada Zuhura amerudi. Mzigo wake bado.

ZUHURA: Waalaikum salaam. Mzigo uko njiani, na wateja wangu wa Kariakoo naomba msinipigie simu kabla ya Jumatano. Fundi, leo nimekuja na karatasi. Mambo matano ya kuangalia kabla hujalipia nyumba ya Kithai katikati ya Bangkok. Watu wetu wengi wa mzigo wanalala vyumba visivyo na dirisha pale Pratunam, kwenye soko la nguo za jumla, na kumbe kuna namna nyingine.

BAKARI: Tutayafikia. Kwanza ile picha. Jamani, huyu kanitumia picha usiku wa manane. Nguzo. Hakuna salamu, hakuna maelezo, nguzo ya mbao peke yake.

ZUHURA: Nilijua utaamka.

BAKARI: Niliamka, na sikulala tena. Ile ni mitiki kuukuu, ile ambayo sisi hapa hatuipati. Mimi napokea mbao za Longuza, kule Muheza, mitiki mizuri, lakini ni miti ya shambani, bado michanga, ubao mweupe wa pembeni unakula nusu ya gogo. Nguzo ile nyeusi imekuwa laini kwa kushikwa na mikono ya watu. Ulifikaje?

ZUHURA: Hoteli yangu ya siku zote ilijaa. Binti ninayenunua kwake magauni ya jumla akasema shangazi yake anapangisha nyumba ya mbao pembeni ya mfereji wa Saen Saep. Kutoka Pratunam unapanda boti tu. Na ile boti, Fundi, wewe ungependa. Pembeni kuna turubai la plastiki, abiria mwenyewe unavuta kamba kulipandisha maji yasikurukie. Kondakta amevaa helmeti, anatembea ukingoni kwa nje anakusanya nauli, boti inakimbia. Wakifika penye daraja fupi paa zima linashuka.

BAKARI: Linashuka na watu ndani?

ZUHURA: Na watu ndani, wala hakuna anayeshtuka. Unashuka kituoni, unaingia uchochoroni, makelele ya barabara yanabaki nyuma yako. Halafu unaiona. Iko juu ya nguzo, chini mtu anapita bila kuinama. Paa limesimama wima wima, kuta zimeinamia ndani kidogo, madirisha mapana chini, membamba juu. Unapanda ngazi unatokea kwenye uwanja wa mbao ulio wazi, na vyumba vimeuzunguka. Kila chumba ni kama nyumba yake.

BAKARI: Na kizingiti?

ZUHURA: Kirefu, unanyanyua mguu kweli kweli. Na hukikanyagi. Mama mwenye nyumba alinionyesha siku ya kwanza, akakipapasa kwa mkono, akatikisa kichwa. Wanaamini nyumba ina mlinzi wake. Sasa jambo la kwanza kwenye karatasi yangu...

BAKARI: Subiri. Picha ya pili uliyotuma ilikuwa ya soda.

ZUHURA: Ee. Nje, kwenye kona ya kiwanja, kuna kijumba kidogo juu ya nguzo moja. Kinaitwa san phra phum, cha mlinzi wa kiwanja. Kina paa lake, kina ngazi zake, ndani kuna visanamu, tembo na vibibi na vibabu, na shada la maua ya njano. Mbele yake chupa ya Fanta nyekundu.

BAKARI: Imefunguliwa?

ZUHURA: Imefunguliwa, na mrija ndani.

BAKARI: Na mrija!

ZUHURA: Utampaje mgeni soda iliyofungwa? Kila asubuhi yule mama anashuka, anawasha udi, anaweka soda, anakunja mikono. Mji mzima uko hivyo, Fundi. Benki ina kijumba chake, kituo cha mafuta kina chake. Hata pale njia panda ya Ratchaprasong, chini ya reli ya juu, kuna lile hekalu la Erawan, lilijengwa mwaka 1956 kwa sababu ujenzi wa hoteli uliandamwa na mikosi. Watu wanatoka kwenye maduka makubwa na mifuko yao, wanasimama, wanaomba, wanaendelea na safari.

BAKARI: Kwa nini nyekundu?

ZUHURA: Wengi wanasema nyekundu imechukua nafasi ya damu ya mnyama. Wengine wanasema walinzi wanapenda vitu vitamu. Mimi sikuingia huko. Mimi ni Muislamu, nilipita pale kwa adabu, sikugusa kitu, nikaenda zangu.

BAKARI: Sawa kabisa. Lakini jioni nani anainywa?

ZUHURA: Udi ukiisha, ibada imeisha. Chupa inaondolewa.

BAKARI: Inaondolewa inaenda wapi? Wewe umelala pale, hukuona?

ZUHURA: Niliona sisimizi. Jambo la kwanza, angalia kama nyumba ni ya mbao kweli au ni zege lililopigwa vibao...

BAKARI: Kile kijumba kina nguzo moja, umesema. Kinasimamaje kwa nguzo moja?

ZUHURA: Nguzo ya saruji, nene, imechimbiwa chini. Vipo pia vya miguu minne, hivyo ni vya wazee wa zamani wa kiwanja, vinakaa chini kidogo ya kile cha mlinzi. Na kuna sharti: kivuli cha nyumba kubwa kisikiangukie.

BAKARI: Bangkok? Mji wenye jengo la ghorofa 85 pale pale Pratunam?

ZUHURA: Ndiyo maana nikamuuliza. Nyuma ya uchochoro kuna ghorofa la vyumba vya kupanga, mchana ukipita linafunika kila kitu, nyumba, uwanja, kijumba. Yule mama alisimama akanionyesha kwa kidole: jua la asubuhi linatokea hapa, kijumba kiliwekwa hapa, nyumba yangu haikigusi. La ghorofa hilo si lake.

BAKARI: Huyo mama ana akili. Kwa hiyo soda inawekwa asubuhi, kabla ya kivuli.

ZUHURA: Kaka Bakari, hatuna muda.

BAKARI: Haya. Niambie mbao. Misumari?

ZUHURA: Kwenye ile nyumba sikuona hata mmoja. Ukuta ni fremu, na vibao vimechomekwa katikati. Kipande kizima kinaning'inizwa kwenye nguzo, kinabanwa kwa kabari.

BAKARI: Ulimi na tundu. Basi ile nyumba unaifungua vipande, unaipakia, unaijenga kwingine.

ZUHURA: Ndivyo ilivyofika. Ilitoka Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, ikashushwa na mto. Na hapo ndipo nilipokosa raha.

BAKARI: Kwa nini ukose raha? Ndiyo kazi iliyoundwa kufanya.

ZUHURA: Sikiliza. Hatua chache tu kutoka pale nilipolala kuna nyumba ya Jim Thompson, yule Mmarekani aliyefanya biashara ya hariri ya Kithai. Alikusanya nyumba sita za mitiki, nyingine kutoka Ayutthaya, nyingine kutoka ng'ambo ya mfereji, Ban Krua, akaziunganisha kuwa moja, akahamia mwaka 1959. Mwaka 1967 akaenda matembezini kwenye milima ya Cameron, Malaysia, hakuonekana tena. Nyumba sasa ni makumbusho, watu wanapanga foleni. Ng'ambo kule Ban Krua ni Waislamu wa asili ya Kicham, mababu zao walitoka Kambodia. Adhana yao naisikia nikiwa kitandani. Wao ndio waliofuma ile hariri. Nilivuka kwenda kuswali. Sasa nyumba zao ni saruji na mabati, zimebanana, na familia zinazofuma hadi leo ni chache sana. Nyumba nzuri ya mtaa iko ng'ambo, inaingiwa kwa tiketi.

BAKARI: Lakini ipo. Zuhura, ipo! Mwisho wa mwaka 1988 mafuriko yalipiga kusini mwa Thailand, magogo yakashuka na maji yakafunika vijiji, na mwaka 1989 serikali ikapiga marufuku kukata miti kwenye misitu ya asili. Mitiki kuukuu iliyobaki ndiyo hiyo iliyomo kwenye nyumba. Ingebaki kijijini mwenyewe hana pesa ya matengenezo, angebomoa auze mbao moja moja, watu wachonge meza. Mimi nachonga meza, najua mbao za namna hiyo zinavyoishia.

ZUHURA: Nyumba bila wenyewe ni meza kubwa.

BAKARI: Hapana. Hapo hapana. Kukrit Pramoj alikuwa Mthai, waziri mkuu mwaka 1975 hadi 1976, naye alinunua nyumba kuukuu akazihamishia Bangkok akaishi humo. Utamwambia nini huyo?

ZUHURA: Nitamwambia aliishi humo. Mimi nazungumzia ile niliyolala. Nyumba ile ilijengwa ipumue. Kati ya uwanja na baraza kuna pengo, hatua moja ya juu, na upepo wa chini unapanda pale, joto linakimbilia paani. Sasa vyumba vimewekwa vioo, pengo limezibwa kwa ubao, kiyoyozi kinanguruma usiku kucha. Wamechukua mbao, wameacha nyumba.

BAKARI: Bila kiyoyozi ungelala, na joto la Bangkok?

ZUHURA: Nilizima. Niliomba neti, nikafungua madirisha yote. Nikalala mpaka boti ya kwanza alfajiri. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani.

BAKARI: Wewe umetoka Tanga, joto umelizoea. Mgeni wa kutoka Norway anayelipa hela nzuri, hela inayonunua ubao mpya pale wa zamani unapooza, atazima? Asipokuja, yule mama anauza kiwanja, kesho kuna ghorofa la pili. Hicho kioo ndicho kinachoishikilia nyumba.

ZUHURA: Na kule Ban Krua serikali ilitaka kupitisha barabara ya juu katikati ya mtaa, watu wakapinga miaka na miaka, haikupita. Hawakuhamisha chochote, walibaki. Hilo nalo ni kuokoa.

BAKARI: Walibaki, na umesema mwenyewe nyumba zao sasa ni mabati. Mbao ziko wapi?

ZUHURA: Watu wapo!

BAKARI: Na mimi naongelea mbao.

ZUHURA: Najua. Ndiyo shida yako tangu kile kipindi cha kabati la mama mkwe.

BAKARI: Usiliingize kabati la watu. Lile kabati nililiokoa.

ZUHURA: Uliliokoa likakaa kwako! Mama wa watu nguo anaweka kwenye sanduku.

BAKARI: Wasikilizaji, mnaona tulipofika. Mimi sibadiliki: ubao wa umri ule ukishapotea, hakuna atakayeuota tena tukiwa hai. Aliyeuhamisha kwa uangalifu, akaubana kwa kabari zile zile, nampa mkono.

ZUHURA: Na mimi nimelala ndani yake, nimeshika ile nguzo, ni nzuri mpaka inauma. Lakini nilikuwa mgeni pale, na mgeni mwingine kanipisha asubuhi, na mwingine kaja nilipotoka. Hakuna mtoto aliyezaliwa mle tangu ihamishwe. Sitasema ni sawa.

BAKARI: Usiseme. Dakika zimebaki ngapi? Wananionyesha mbili. Karatasi yako je?

ZUHURA: Haya, haraka. Ukikodi, muulize choo kiko wapi, nyumba nyingi za namna hii choo unavuka uwanja, na mvua ya kule ikianza haikungoji. Muulize ngazi, kama una mzazi mwenye magoti. Cha nne...

BAKARI: Soda.

ZUHURA: Si soda! Cha nne ni mzigo. Marobota hayapandi zile ngazi, yaache kwa wakala wako wa mizigo Pratunam, wewe nenda na begi la mkononi. Cha tano nitakiweka kwenye kundi letu la WhatsApp, maana huyu kanimalizia muda.

BAKARI: Wiki ijayo tunazungumza na wapiga rangi, tulishawaahidi. Na mtu wa Tanga au Unguja aliyewahi kuhamisha nyumba ya mbao, ujumbe wa sauti usizidi dakika moja tafadhali.

ZUHURA: Na aliyekataa kuhamishwa pia atume.

BAKARI: Atume, lakini aseme na mbao zimefikia hali gani.

ZUHURA: Aseme na watu wako wapi.

BAKARI: Muda umeisha, dada.