Bloa au feni tatu: kupoza kadi za kuchimba sarafu Tanga

Mwanakombo: Karibuni. Kaka Sefu, mtu wa Ngamiani anataka kadi sita za michoro za kompyuta (GPU), aina ya RTX 3070, za kuchimbia sarafu za kidijitali. Achukue za bloa au za feni tatu?

Sefu: Atazikalisha wapi? Hilo kwanza. Bloa ni feni moja inayosukuma hewa itokee nyuma ya kadi, nje ya kasha. Kwenye kasha lililofungwa, kadi zimebanana, hiyo ndiyo yake. Feni mbili au tatu zinapuliza hitisinki, yaani chuma cha kupozea kilicho juu ya chipu, na joto linabaki palepale kuzunguka kadi. Ukizibananisha, ya pili inavuta moto wa ya kwanza.

Mwanakombo: Huku wengi wana fremu ya wazi, ya mbao au alumini.

Sefu: Basi feni tatu, hakuna mjadala. Hazihitaji kuzunguka kwa kasi kama bloa, na kelele inapungua. Acha sentimita 6 hadi 8 kati ya kadi na kadi.

Mwanakombo: Na chumba?

Sefu: Hapo ndipo watu wanapokwama. Kadi sita za wati 130 ni wati 780, na zote zinaishia kuwa joto. Ukitaka chumba kisizidi nje kwa zaidi ya nyuzi 5, lazima utoe nje hewa mita za ujazo 470 hivi kwa saa, na hapo pawasaplai, kifaa kinacholisha kadi umeme, sijaihesabu. Pangaboi linakoroga joto lilelile tu. Weka feni ya kutoa hewa juu ukutani, na tundu la kuingizia chini, upande wa pili.

Mwanakombo: Lakini 3070 inatoka kiwandani na wati 220.

Sefu: Unaishusha. Kwenye mfumo endeshi wa Linux andika `sudo nvidia-smi -i 0 -pl 130`. Hiyo 0 ni namba ya kadi. Mashine ikizimika na kuwaka, amri inapotea, kwa hiyo iweke ijiendeshe yenyewe. Kwa umeme wetu wa kukatikakatika, usiache hilo.

Mwanakombo: Kuna mwenye kadi ya RTX 3090, skrini inamwonyesha nyuzi 60 na kasi bado inashuka.

Sefu: Hizo 60 ni za chipu kuu. Aangalie memori. GDDR6X, aina ya memori ya kadi hiyo, ikikaribia nyuzi 110 kadi inajipunguza kasi yenyewe, na kwenye 3090 nusu ya chipu za memori ziko mgongoni mwa bodi, ambako hata feni tatu hazipulizi. Abadilishe pedi za joto, vile vipande laini vinavyopitisha joto kutoka kwenye memori kwenda kwenye hitisinki, kisha aelekeze feni nyingine mgongoni.

Mwanakombo: Pedi za unene gani?

Sefu: Apime zile za zamani mahali ambapo hazijabonyezwa. Unene hutofautiana hata ndani ya kadi moja. Pedi nene mno inainua hitisinki isigusane vizuri na chipu kuu. Memori inapoa, chipu inaungua. Nyembamba mno haigusi kabisa.

Mwanakombo: Na setingi za enzi za kuchimba sarafu ya Ethereum?

Sefu: Azifute. Ethereum iliacha uchimbaji Septemba 2022, na kazi yake iliielemea zaidi memori. KawPow, hesabu ya kuchimbia sarafu ya Ravencoin, inaichosha na chipu kuu pia, kwa hiyo feni zinafanya kazi zaidi.

Mwanakombo: Na kwa anayekaa Raskazone, hewa ya chumvi?

Sefu: Asivute hewa kutoka dirisha linalotazama bahari. Vumbi lenye chumvi linanyonya unyevu, linakula alumini na miguu ya chipu. Zima, chomoa, safisha kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili. Ukipuliza kwa kompresa, shika mapanga yasizunguke; yakizungushwa kwa kasi yanaumiza beringi.

Mwanakombo: Beringi zenyewe zinatofautiana?

Sefu: Sana, na mimi ningeangalia hilo kabla ya idadi ya feni. Ya bushi, yaani mhimili unaozunguka ndani ya mrija wenye mafuta, ni ya bei rahisi, lakini mafuta yanakauka kwa joto la saa 24, inaanza kukwaruza, inasimama. Yenye beringi mbili za gololi ina mlio kidogo, ila inadumu.

Mwanakombo: Ikishasimama?

Sefu: Soma namba iliyo kwenye lebo mgongoni mwa feni, pima upana wa mapanga na umbali wa matundu ya skrubu, hesabu nyaya. Volti 12 peke yake haitoshi kukuhakikishia kwamba itaingia. Halafu, Da Mwana, kadi nyingi za feni tatu zinasoma mzunguko wa feni moja kwa niaba ya mbili. Skrini itakwambia asilimia 70, kumbe moja imelala. Pita na tochi uzitazame mwenyewe.