Mapigo ya Moyo ya Neil Armstrong: Kauli Yake au Amesingiziwa?

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunaijadili sentensi moja tu, ambayo huenda nanyi mmetumiwa kwenye simu ikiwa imeandikwa juu ya picha ya mwanaanga aliyesimama Mwezini: kwamba kila binadamu amepewa idadi maalumu ya mapigo ya moyo, na kwamba Neil Armstrong hakukusudia kuyapoteza ya kwake kwa kukimbia huku na huko akifanya mazoezi. Kaka Salim, wewe ndiye uliyeipendekeza mada hii.

SALIM: Nimeipendekeza, dada Rehema, kwa sababu nimeona sentensi hiyo ikitumiwa kama ushauri wa afya. Watu husema kwamba ikiwa mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi hakuona haja ya mazoezi, sisi tunajisumbua kwa nini. Halafu hutokea mwingine akadai kwamba Armstrong hakutamka jambo lolote la namna hiyo, bali amesingiziwa kama wanavyosingiziwa watu wengi maarufu. Nilitaka kujua ukweli umesimama wapi.

REHEMA: Kabla hatujafika kwenye maneno, niseme kuhusu ile picha. Mwanaanga anayeonekana katika picha mashuhuri zaidi za matembezi yale ya Mwezini ni mwenzake, Buzz Aldrin, si Armstrong, kwa kuwa Armstrong ndiye aliyeshika kamera kwa sehemu kubwa ya muda waliokuwa nje ya chombo. Kwa hiyo mara nyingi picha inayosambazwa pamoja na kauli hii ni ya mtu mwingine kabisa. Mtu akiliona hilo, ni haki yake kuyatilia shaka hata maneno yaliyoandikwa juu yake.

SALIM: Ni haki yake, lakini katika suala hili maneno yana asili nzuri kuliko picha. Tarehe 4 Julai 1969, siku 12 kabla ya Apollo 11, safari iliyowapeleka Mwezini, kurushwa, jarida la Life la Marekani lilichapisha makala ya mwandishi Dora Jane Hamblin kuhusu Armstrong. Kichwa cha makala hiyo kilisema kwamba Neil Armstrong anakataa kupoteza mapigo yoyote ya moyo, na maneno hayo ya kupoteza mapigo yaliwekwa ndani ya alama za kunukuu, kuonyesha kwamba ni ya mhusika mwenyewe. Hili si jambo lililozuka baada ya kifo chake mwaka 2012, wala halikuanza na intaneti.

REHEMA: Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu mtu anaweza kuuliza: kwani majarida hayakosei?

SALIM: Hukosea. Ila tuangalie mazingira yenyewe. Life halikuwa gazeti la uvumi lililookota maneno barabarani. Jarida hilo lilikuwa na mkataba wa kuandika habari za maisha ya wanaanga na familia zao tangu kundi la kwanza la mwaka 1959, na waandishi wake waliingia majumbani mwao na kuzungumza nao ana kwa ana. Kisha, Armstrong aliishi miaka 43 baada ya makala hiyo kuchapishwa. Nikiweka hayo pamoja, naridhika kwamba mzaha ule ni wake.

REHEMA: Mzaha ni wake. Lakini je, sentensi ni yake? Nauliza hivyo kwa sababu nimekutana nayo katika sura zaidi ya moja. Ipo inayosema kwamba ni Mungu aliyetupa mapigo hayo, na kwamba yeye Armstrong hatayamaliza kwa kukimbia barabarani kwenda na kurudi. Ipo ile ya kwenye simu, isiyomtaja Mungu wala barabara, bali mazoezi kwa jumla. Watu wawili wanaweza kusimulia mzaha mmoja kwa maneno tofauti, na hapo hatuwezi kuzibeba sura zote mbili kwa pamoja na kuziita nukuu halisi.

SALIM: Nakubaliana nawe kabisa, na huo ndio msimamo ninaoona kuwa wa haki. Wazo lina ushahidi wa maandishi ya wakati wake, ilhali sentensi laini inayosambazwa leo imepigwa randa na wasimulizi wengi. Kumbuka kwamba hata ile kauli yake ya hatua ndogo kwa mtu na hatua kubwa kwa wanadamu, iliyosikika na mamia ya mamilioni ya watu moja kwa moja, bado inabishaniwa. Yeye alishikilia kwamba alikusudia kutamka neno dogo la Kiingereza linaloonyesha kuwa anamzungumzia mtu mmoja, na kwenye kinasa sauti neno hilo halisikiki. Kwa Kiswahili hatuupati ugomvi huo, kwa sababu neno letu mtu halihitaji kitangulizi.

REHEMA: Tena tuna kipimo kingine, nacho ni namna uvumi wa uongo juu yake ulivyopokewa. Wengi wetu tuliokulia katika miji ya pwani tumewahi kusikia kwamba Armstrong aliisikia adhana Mwezini na baadaye akasilimu. Habari hiyo ilienea sana Misri, Malaysia na Indonesia, hata ikabidi mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iziandikie balozi zake kueleza kwamba Armstrong hakubadili dini, huku ikisisitiza kwamba hakukusudia kumvunjia heshima mtu yeyote wala dini yoyote. Uvumi huo haukuwa na chanzo chochote kilichotoka kwake. Mzaha wa mapigo ya moyo una makala, tarehe na jina la mwandishi. Mambo haya mawili hayastahili kutiwa katika kapu moja.

SALIM: Sasa tuingie kwenye maana, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodhurika. Wazo kwamba mapigo yamehesabiwa lina chembe ya ukweli linapotazamwa kwa aina za wanyama. Moyo wa panya hupiga mamia ya mapigo kwa dakika naye huishi miaka michache, na wa tembo hupiga takriban 30 naye huishi miaka mingi. Lakini kwa mtu mmoja mmoja hesabu haiendi hivyo, na ningependa tuifanye wazi.

REHEMA: Tuifanye.

SALIM: Chukua mtu asiyefanya mazoezi, ambaye moyo wake hupiga mara 70 kwa dakika. Kwa siku nzima ni mapigo 100,800. Sasa chukua mwingine anayekimbia saa moja kila siku, na katika saa hiyo moyo wake unapiga mara 140 kwa dakika, yaani mapigo 8,400. Mazoezi huuimarisha moyo ukasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo tuseme katika saa 23 zilizobaki unapiga mara 60 tu kwa dakika. Hayo ni mapigo 82,800. Jumla ni 91,200. Aliyekimbia ndiye aliyeokoa mapigo 9,600 kwa siku.

REHEMA: Kwa hiyo hata anayeuamini mzaha huo neno kwa neno angepaswa kuvaa viatu vyake na kwenda kukimbia. Na wanaanga wenyewe hawauchukulii kama kanuni. Wanaokaa katika Kituo cha Anga cha Kimataifa hufanya mazoezi takriban saa mbili kila siku, kwa sababu mwili usiobeba uzito wake hupoteza misuli na mifupa. Hata Apollo 11 ilibeba kifaa kidogo cha kamba cha kujinyoosha na kuvuta.

SALIM: Naye Armstrong moyo wake haukuwa wa kupumzika tu. Wakati Eagle, chombo chao cha kutua Mwezini, inatua tarehe 20 Julai, huku akitafuta mahali pasipo na mawe makubwa na mafuta yakikaribia kwisha, ulikuwa ukipiga mara 150 kwa dakika. Na karibu na mwisho wa matembezi, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba, alikwenda kwa mwendo wa haraka umbali wa takriban mita 60 hadi ukingoni mwa kreta, yaani shimo la Mwezini, iliyoko mashariki ya chombo, akaipiga picha, akarudi. Baadaye kidogo, walipokuwa wakipandisha masanduku ya mawe, mapigo yake yalifika 160, na Houston, kituo cha Marekani kilichoongoza safari, ikawa inamfuatilia kwa karibu.

REHEMA: Basi mimi jibu nitakalompelekea aliyenitumia ile picha ni hili: mzaha ni wa Armstrong, ulichapishwa katika Life la tarehe 4 Julai 1969, maneno uliyoyatuma yamebadilika njiani, na aliye pichani ni Aldrin.