Vichaka vya Maua: Jivu, Ukuta na Chupa ya Maji

BARAKA: Shikamoo, Mama Glory.

MAMA GLORY: Marahaba, mwanangu. Huko Arusha baridi imeachia?

BARAKA: Inaanza kuachia. Ndiyo maana leo nataka tuongelee vichaka vya maua, vile vifupi visivyopukutisha majani. Watu wananunua miche ya iksora barabarani, wakishaipanda inadumaa tu. Haikui, haifi.

MAMA GLORY: Wamepanda wapi? Usiniambie ni kando ya ukuta.

BARAKA: (anacheka) Kando ya ukuta.

MAMA GLORY: Enhee! Palepale fundi alipomwaga mabaki ya saruji na chokaa. Iksora inataka udongo wenye uchachu. Kukiwa na chokaa, madini ya chuma yanaweza kuwemo ardhini ila mizizi ikashindwa kuyafyonza. Majani machanga yanageuka njano, mishipa inabaki ya kijani. Mtu akiona hivyo anakimbilia nini? Jivu!

BARAKA: Jivu huku ni dawa ya kila kitu.

MAMA GLORY: Kwenye migomba sawa, weka. Kwa vichaka vinavyopenda uchachu kama iksora, gadenia na azalea unazidisha ugonjwa uleule, maana jivu nalo linaua uchachu. Toa kifusi chote, jaza udongo mpya na mboji iliyoiva, tandaza majani makavu juu. Basi.

BARAKA: Na maji je? Huku kuzunguka Meru visima vingi vina floridi, na maji yake yana umagadi, kinyume cha uchachu.

MAMA GLORY: Kinga maji ya mvua, angalau ya kumwagilia vyungu. Halafu mkumbuke mko juu, kama mita 1,400. Sisi Moshi mjini hatufiki hata 1,000. Iksora asili yake ni India Kusini na Sri Lanka, imezoea joto. Hapa Rau inachanua vizuri. Kwenu Julai inanuna. Azalea ndiyo itakayoifurahia baridi yenu.

BARAKA: Haya, tuje kwenye kuzalisha. Miche inauzwa mmoja mmoja, mtu anataka uzio mzima wa maua mbele ya nyumba.

MAMA GLORY: Asinunue yote. Anunue michache, akipogoa asitupe matawi. Chagua tawi lisilo na maua wala vitumba, lisiwe laini sana wala gumu kama kuni: ukilikunja linapinda, ukizidisha linakatika. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, kwa mkasi mkali. Majani ya chini ondoa yote. Ya juu acha mawili, na kama ni makubwa yakate nusu, yasipoteze maji mengi.

BARAKA: Udongo gani?

MAMA GLORY: Mchanga wa mtoni uliooshwa, uchanganye na mboji kidogo. Samadi mbichi hapana, itaozesha. Toboa kwanza kwa kijiti ndipo uchomeke. Mwagilia mara moja, kisha funika na chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako. Weka kivulini penye mwanga. Asubuhi utaona matone ndani ya chupa. Yakiwepo, usiguse maji! Wengi wanaua vipandikizi kwa kumwagilia, si kwa kusahau.

BARAKA: Mimi vikichipua majani huwa najua vimeshika.

MAMA GLORY: Si lazima. Tawi linaweza kuchipua kwa akiba yake lenyewe, chini hakuna hata uzi. Ndiyo maana mimi natumia vikombe vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vimetobolewa chini, nikavitia ndani ya kopo jeusi. Ukivuta kikombe unaona mizizi myeupe imegusa ukingo. Iksora inaweza kuchukua hata miezi miwili. Ukichomeka Septemba joto likirudi, masika ya Machi una miche ya kupeleka ardhini.

BARAKA: Kwa mtu asiye na muda?

MAMA GLORY: Azalea na gadenia alaze tawi la chini. Akwangue ganda kidogo upande wa chini, alifukie pale alipokwangua, aweke jiwe juu, ncha ibaki nje. Mti mama unalilisha tawi wakati linaota mizizi. Miezi kadhaa, kisha unakata.

BARAKA: Na lile ua la miiba la Madagaska, Euphorbia milii?

MAMA GLORY: Hilo rahisi mno, ila maziwa yake yanaunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu. Likishakatwa liache kivulini siku chache jeraha likauke, ndipo upande. Usilifunike na chupa, litaoza.

BARAKA: Mimi nimetamani lile la Brazili linalochanua zambarau, kesho yake linapauka, halafu linakuwa jeupe.

MAMA GLORY: Brunfelsia. Zuri, na harufu yake jioni! Una mbwa?

BARAKA: Wawili.

MAMA GLORY: Basi achana nalo. Lina sumu kwa mbwa, hasa matunda na mbegu.